Migomba Isiyomo kwenye Mkataba

Felista ni binti wa marehemu kaka yangu, na kwa kuwa baba yake hayupo, mimi baba mdogo ndiye mkuu wa mambo yake, apende asipende. Shuleni nilifika darasa la sita; la saba nililisikilizia dirishani. Lakini mkataba wa bomba la maji lililopita kwetu Njisi niliusoma wote, na sijaona mwingine aliyefanya hivyo. Wenzangu walitafuta pa kuweka dole gumba, wakaenda kula.

Mkataba ulisema hivi, kwa maneno yangu ambayo ni mazuri kuliko yao: mtaro ukipita shambani kwa mtu ukang'oa kitu, mkandarasi atapanda kingine cha aina ileile na kukitunza masika mawili mpaka kishike. Kikifa, anapanda tena na kuanza upya. Siku mwenye shamba akiridhika, anatia saini, kazi imekwisha.

Kwa Felista mtaro ulipita katikati ya kokoa. Zile kokoa alizipanda mumewe mwaka waliooana, na mumewe sasa yuko kaburini, pale pale nyuma ya nyumba. Siku katapila lilipoingia, Felista alijifungia jikoni akapika sufuria kubwa ya wali ambao hakuna aliyemwomba. Ndivyo alivyo. Akiumia, anapika.

Mkandarasi, kwa kuwa yeye ni mtu wa mabomba, kazi ya kupanda alimpa Tuntufye wa Itungi, mwenye kitalu cha miche. Tuntufye ni mgane, mpole, masikio makubwa. Neno lake ni “ndaga,” yaani asante. Hata ukimkanyaga atakushukuru. Kiangazi kilipoingia akawa anakuja asubuhi na baiskeli iliyobeba madumu ya maji, anamwagilia mche mmoja mmoja huku ameinama kama anayemnong'oneza mtoto.

Mwanzo Felista alimtazama akiwa mlangoni. Baadaye ikatoka chai. Baadaye ukatoka wali na samaki, na mimi nikaanza kupita pale mara nyingi.

“Baba, unachungulia nini?” Felista akaniuliza.

“Nakagua mkataba.”

“Mkataba uko ndani ya sufuria?”

“Sijui. Funua tuone.”

Alifunua, akanipakulia, na alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona akipika hivyo tangu msiba.

Sasa jua likazidi. Miche ile ilikuwa wazi, bila kivuli, majani yakaanza kukauka pembeni. Asubuhi moja Tuntufye akaja na machipukizi ya migomba kutoka kwake Itungi, akayapanda katikati ya kokoa.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu, kumwagilia shamba la mjane ni kazi. Kupanda mgomba humo ni jambo jingine kabisa. Mgomba unakaa, unazaa, unaacha watoto. Mwanamume anayepanda mgomba kwenye ardhi ya watu anasema hapa ni pake. Tuntufye alilijua hilo kama sisi sote. Ila alikuwa anatazama majani, akasahau watu.

Eliud, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Felista, akaja na panga mkononi.

“Shemeji, nani kapanda migomba hii?” akaita kuelekea jikoni.

Tuntufye akavua kofia. “Ni mimi, baba. Ni kivuli tu. Jua linaua miche.”

“Kivuli kinachozaa ndizi? Mdogo wangu hajaoza kaburini, unagawana shamba lake?”

Nilikuwepo, kwa bahati, nikila. Nikasema mkataba hautaji migomba popote.

“Umesikia,” Eliud akasema. “Hata huyu mzee mkorofi anakubali. Ing'oe.”

Niliona haya kidogo, maana nilikuwa nataka tu ijulikane kwamba nimesoma. Migomba ikitoka, kokoa zinakufa, na Tuntufye anaanza upya masika mengine mawili. Mwanamume mwenye hila angechekea moyoni: masika mawili zaidi ya wali. Yeye aliuangalia mche uliokuwa karibu yake, akashika kichwa.

Felista akatoka jikoni.

“Shemeji, kokoa hizi ni za nani?”

“Za mdogo wangu.”

“Basi zisife mara ya pili. Kama hutaki migomba ya mtu wa Itungi, leta ya kwako. Panda wewe.”

Eliud akasimama akilikuna shavu kwa ubapa wa panga. Kisha akaondoka bila kuaga. Tulidhani kanuna. Jioni, jua lilipopungua, akarudi na machipukizi begani, kutoka shamba la baba yao. Tuntufye aling'oa yake mwenyewe, taratibu, na Eliud akayapanda ya kwake kwenye mashimo yaleyale. Mgongo ulipomsumbua Eliud, Tuntufye akamshikia jembe. Wakala sahani moja.

Masika ya pili yakapita, kokoa zikasimama vizuri chini ya migomba ya ukoo. Ndipo akaja Sylvester, msimamizi wa mkandarasi, na karatasi ya kutia saini. Felista akamzungusha shamba zima.

“Huu umeinama.”

“Unafuata mwanga, mama.”

“Huu jani lina tundu.”

“Ni mdudu tu, mama. Mche wenyewe ni mzima.”

“Na huu siuamini.”

Sylvester akachoka, akamwita Felista kwa jina la mtoto wake. “Mama Nancy, niambie mmoja tu ambao haujashika.”

Felista akachezea upindo wa khanga. Mimi nilijua, Sylvester hakujua. Akitia saini, baiskeli ya madumu haina tena sababu ya kuja.

Tuntufye akamsogelea. “Tia saini, Mama Nancy.”

“Una haraka ya kwenda?”

“Hapana. Ila nikija hapa sasa, ni mkandarasi amenituma. Nataka siku moja nije bila kutumwa.”

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Felista akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la ukoo, mpaka nafasi ikaisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Tuntufye akaja nyumbani kwangu na kaka yake. Mbele yao alikuwa ametangulia Eliud, amevaa koti kama mshenga. Nikawakalisha muda mrefu makusudi, nikaongelea bei ya mpunga, nikaongelea goti langu.

“Umepotea njia?” nikamuuliza Tuntufye hatimaye. “Kokoa ziko kule.”

“Najua, baba. Nimekuja kuomba.”

“Kuomba nini?”

Akasema kwa sauti ndogo sana. Nikamwambia arudie, apaze sauti, maana mke wangu na Felista walikuwa nyuma ya mlango, na mmoja wao alikuwa amekwishaanza kulia, hasikii vizuri.