Kalipa ya Kushoto

Silasi hakuwa fundi magari, na hilo alilijua vizuri. Alikuwa seremala mwenye kibanda chake Mwisenge, na nusu ya watu wa Kamunyonge walilala juu ya vitanda alivyowachongea. Lakini mtu aliyeshika nyundo tangu amalize darasa la saba haamini kwamba binadamu anaweza kufunga kitu ambacho binadamu mwingine, yaani yeye, hawezi kukifungua. Hapo ndipo alipoponzeka.

Asubuhi hiyo Gibson alipiga simu kutoka Bunda. "Mama ameamka anamuulizia dada yake. Mleteni leo. Kesho mimi siiahidi." Mama yake Gibson ni Susana, na huyo dada anayeuliziwa ni Bibi Wegesa, mama mkwe wake Silasi. Walizaliwa tumbo moja watoto tisa, wamebaki hao wawili. Bibi Wegesa alikuwa pale pale uani kwa Silasi, kwenye chumba cha pembeni alichojengewa, maana kwao mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Alitoka Kiabakari tangu Januari kuja kutibiwa nyonga. Bodaboda hakuweza kupanda, na ngazi za basi ndiyo kabisa.

Robi, mkewe Silasi, akasema wakodi teksi.

"Teksi?" Silasi akachukia. "Gari langu liko hapa, halafu mama apakiwe kwenye la watu? Kiabakari watasemaje? Nipe nusu saa tu."

Nusu saa! Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linakamata breki na kunuka kuungua wiki mbili nzima, na kila Robi akiuliza, jibu lilikuwa "nitaliangaliaga." Leo ndiyo aliliangalia.

Akatandika gunia, akapanga vifaa kama alivyoona kwenye video ya simu. Jeki, na gogo la mninga la kuwekea chini ya gari ili lisimwangukie. Spana ya tairi. Spana boksi namba kumi na nne, ameiazima kwa fundi Gody. Brashi ya waya, na kipande cha waya cha kuning'inizia kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki, isije ikalemea mpira wake wa mafuta. Mwisho klampu. Yule wa kwenye video alikuwa na klampu maalumu ya dukani. Silasi akacheka peke yake, yeye anazo saba, za kubania mbao zenye gundi.

Na tuseme ukweli, alifanya kazi. Bolti ya chini iligoma, akaigonga, akaipiga teke spana, ikaachia. Kalipa ikatoka, akaining'iniza vizuri. Pedi alizokuta zilikuwa zimelika hadi chuma, akamtuma Robi akanunue nyingine Mwisenge. Watoto walikuwa shule. Alibaki yeye na kazi moja tu: kuibana kwa klampu pistoni, kile kichwa cha chuma kinachosukuma pedi, na kuirudisha ndani. Mtu wa video alirudia mara tatu, kalipa ikiwa nje mtu asikanyage breki, kwa sababu pistoni haina cha kuizuia, itachomoka na mafuta yote yatamwagika.

Silasi akaokota klampu. Mlango wa chumba cha pembeni ukafunguka.

Desturi ni desturi. Mama mkwe akitoka uani, mkwe anapisha. Miaka kumi na moja Silasi hajamtazama Bibi Wegesa usoni, hajampa mkono, hajamwambia neno la moja kwa moja. Kila kitu kilipita kwa Robi, au kwa watoto: mwambieni mama chai iko tayari, mwambieni baba Nathan ahsante. Basi akasimama haraka, akajificha nyuma ya jiko, klampu mkononi.

Bibi Wegesa alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akaja na fimbo yake polepole upande wa kulia wa gari, ambako magurudumu yote yapo, na mlango wa dereva uko wazi kivulini. Akajua safari imeiva. Akajiingiza, akaketi.

"Mungu wangu," Silasi akanong'ona.

Nyonga ikamuuma yule mama, akatafuta pa kukaza mguu ili ajisogeze. Mguu ukatua kwenye breki.

"Jamani!" Silasi akauambia ukuta wa jiko, kwa sauti kubwa. "Breki zisikanyagwe huko! Gari bado!" Hiyo ndiyo njia ya adabu, kusema hewani ili mwenye kusikia asikie. Bibi Wegesa alisikia, ila alidhani mkwe wake anaongea na simu. Akakaza mguu tena, na tena.

Alichopaswa kusema kilikuwa kifupi: Mama, toa mguu. Lakini hilo lilikuwa neno la moja kwa moja. Alisikia *tok*, kisha mafuta yakimiminika juu ya gunia.

Simu yake aliiacha juu ya boneti. Ikaanza kuita.

Sasa afanye nini? Akatoka, macho chini, akaichukua kwa vidole vyenye grisi. Gibson. Hakusema mengi, alikuwa analia. Silasi akasema "ndiyo," akasema "pole ndugu yangu," akakata.

"Baba Nathan," Bibi Wegesa akasema kutoka garini. Hakupitisha kwa mtu. "Ni Bunda? Susana anasemaje?"

Silasi akatazama getini. Robi hakuwepo. Akatazama ule utelezi wa mafuta unaotambaa hadi kwenye viatu vyake.

"Mwambieni mama..." akaanza, kama alivyozoea. Uani hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Basi akainua uso, akamtazama mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Na yule mama, kwa kuona tu kwamba ametazamwa, akaanza kulia.