Shangazi alikunja neti ili nipate mbu wengi

Admin, nifichie jina, ndugu zangu wengi hapa Kampala wanafuata ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka 28, nasoma shahada ya pili ya hesabu, nakaa hosteli Wandegeya. Utafiti wangu ni wa mbu. Nahesabu wanaonaswa kwenye mitego ya taa majumbani, kisha natunga hesabu za kukadiria watakavyoongezeka mvua zikija, ili wapulizaji dawa wajue waanzie mtaa gani.

Mtego mmoja niliuweka kwa shangazi yangu aliyenilea. Anauza nguo soko la Owino na alikuwa akiishi na mjukuu wake wa miaka minne. Wiki ya kwanza nilikuta mbu wawili. Nikakunja uso, nikasema, "Hawa tu, shangazi?" Jamani, kwenye hesabu zangu hata wawili ni jibu zuri. Sikumwambia hivyo.

Kuanzia hapo mtego ukawa unajaa. Kwenye grafu, mstari wa nyumba yake ukapanda peke yake, ya majirani imelala chini, na mimi mjinga nikafurahi.

Mwezi uliopita mtoto akashikwa na malaria. Homa siku mbili, degedege, hatukuwahi hospitali. Tulimzika alasiri.

Siku ya tatu ya msiba nikaingia kumtandikia shangazi kitanda, nikaona neti imekunjwa juu ya kabati. Nikamuuliza. Akasema taratibu, "Nilikunja siku ile ulisikitika, bambi, maskini wangu. Neti iko na dawa, inafukuza mbu. Hata dirisha nilikuwa nafungua jioni, mbu iingie mingi, wewe mwanangu usifeli masomo."

Hakuunganisha chochote. Kwake ni kazi ya Mungu, basi. Nilitoka nje nikalia.

Neti nimeitundika mwenyewe. Namba za nyumba ile nimezitoa kwenye hesabu, na msimamizi wangu nimemweleza sababu yote. Huko sina wasiwasi. Kinachoniua ni shangazi. Kila Ijumaa nikienda kumwona huuliza, "Mbu yetu ilikusaidia?" Wiki iliyopita nilimjibu, "Sana, shangazi." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Akaniomba nikija tena nije na kitabu changu, nimsomee pale palipoandikwa nyumba yake. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Kesho ni Ijumaa.