Siku Mukwe Alikuwa Jaji

Mwaka wa kwanza wa ule muchezo wa kupika kwa televizyo ya Butembo, mimi njo mutu wa kwanza kufukuzwa. Nilitia chumvi mara mbili katika maharagi, sababu kamera ilinikodolea macho nikasahau. Aka! Bamama ba soko ya Musienene, pale nauzishaka viazi, balinicheka mwaka muzima. "Mama, na hivi viazi umeisha kuvitia chumvi?" Nilicheka nabo kwa mudomo, ndani nilikuwa naungua.

Donc, waliposema wenye kufukuzwa barudi, wawili wawili kwa ekipe, sikumaliza hata chai. Nilitaka jambo moja tu: nishinde, batu banyamaze.

Bakanipa mwenzangu, mama mumoja wa Beu, kule Beni. Ye alifukuzwa sababu ya bugali yenye madonge. Ni mutu wa maneno mingi! Anapika bugali huku anaimba, anaonja sombe, majani ya muhogo, anabishana nayo. Siku ya kwanza nilisema huyu atanimaliza. Siku ya tatu tulikuwa tunacheka mpaka mutangazaji anatuomba tunyamaze. Tukapita ekipe moja, tukapita ya pili, tukafika fainali.

Sharti ya fainali ilikuwa hii: kabla jaji aonje, wapishi wote wawili bakule chakula chao mbele yake, kamera ione. Mumoja akikataa, ekipe imeanguka. Na jaji alikuwa mugeni, kijana mwenye restora pale mujini.

Kijana akaingia. Mwenzangu akaangusha mwiko, akajifunika kitenge kichwani, akageukia ukuta.

— Yaya, dada yangu, nakufa! Ule ni mukwe wangu.

Kumbe ni yeye alileta mbuzi za mahari ya binti ya mwenzangu. Harusi ilibakia wiki tatu. Na kwetu mama hakuli mbele ya mukwe. Hata maji anakunywa amegeuka. Kijana naye alikuwa anachunguza viatu vyake kama mutu ameangusha kitu. Mutangazaji, mutu wa kutoka Kinshasa, akasema kwa maikro: "Mama anaona haya ya kamera!" Haya ya kamera! Mwanamuke mwenye kubishana na sombe!

Nilikasirika, nisiseme uongo. Sombe yetu ilikuwa tamu, mawese inang'aa juu, nilijua kabisa tumeshinda. Nikamunong'oneza: "Kijiko kimoja tu, dada. Kimoja! Funga macho."

Akageuka kidogo, machozi kwa mashavu.

— Wewe ulichekwa mwaka muzima, yaya. Ukisema nikule, nitakula. Jamaa ya mukwe bataongea, lakini nitakula.

Na akajaza kijiko kweli. Akakiinua, sombe inadondoka kwa meza. Mutangazaji alikwisha kuanza kuhesabu: tano, ine, tatu.

— Weka chini, nikamwambia.

Akakiweka. Tukaanguka mbele ya Butembo muzima na Beni muzima, na kijana akapita kwa nyungu ya wengine bila kuonja yetu. Nililia pale pale, kamera ikiniona, sababu nilitaka kushinda kweli. Mwenzangu akanishika mukono, akakataa kuuachilia, hata bakikuja kumutoa maikro kwenye kitenge.