Nakala Tatu za Mauza

Duka la halua la Mtaa wa Msimbazi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na anayelifungua ni mwanamke, Mauza. Nyuma yake, ukutani, imetundikwa karatasi yenye muhuri ndani ya fremu. Wateja wageni hudhani ni leseni; hata mimi, nilipoanza kununua hapa, nilidhani hivyo.

Mumewe, Ubeid, alifariki mwaka 1954. Mauza akakaa eda, miezi minne na siku kumi bila kuvuka kizingiti. Siku ya tano tu, shemeji yake Abdulla alikwenda ofisi ya vizazi na vifo kuandikisha kifo cha kaka yake. Alisema marehemu hakuacha mke wala mtoto. Eti mwanamke aliyemo nyumbani ni mpishi, na binti yake, Saadiya, alikuja naye kutoka Kilwa. Karani akaandika alivyoambiwa. Sheria ingempa Abdulla fungu lake hata bila uongo. Alitaka duka zima.

Eda ilipokwisha, Mauza alikuta kufuli geni kwenye mlango wa duka. Majirani walijua ukweli, lakini Abdulla alikuwa na karatasi ya serikali.

"Mpishi, rudi kwenu Kilwa," alimwambia mbele ya wanywa kahawa. "Nitakufungia halua ule njiani."

Wakacheka. Mauza anawakumbuka kwa majina mpaka leo.

Alikwenda ofisini kuomba nakala ya cheti cha kifo. Karani, Filbert, alifungua daftari, akasoma, akalifunga.

"Mama, nakala tunampa mke, mzazi, mtoto au ndugu wa marehemu. Wewe humu hukutajwa."

"Na mama mzazi, anaweza kupata nakala ya kuzaliwa kwa mwanawe?"

"Huyo hakuna wa kumzuia."

"Basi nitafutie Saadiya binti Ubeid, mwaka 1947."

Saadiya alipozaliwa, Ubeid alikuwa safarini Tanga, na aliyetumwa kuandikisha ni baba mdogo. Filbert alisoma polepole: amezaliwa Mtaa wa Msimbazi, baba Ubeid, mama Mauza, mkewe. Mtoa habari, Abdulla. Sahihi ni ileile ya kwenye daftari la vifo, na mkia wake mrefu. Abdulla mwenyewe alikwisha kusahau.

"Nipe nakala tatu," alisema Mauza.

Ya kwanza aliipeleka kwa kadhi. Ya pili haikuhitajika na sheria yoyote: aliipeleka Mchafukoge, kwa wazee wa binti ambaye Abdulla alikuwa amemposa. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Sinia la posa lilirudishwa kwa Abdulla saa sita mchana, kwa njia yenye watu wengi kuliko zote. Nilimuuliza kama hakumhurumia hata kidogo. Alinijibu, "Nilisikitika halikurudi siku ya soko."

Kadhi alimwamuru Abdulla akasahihishe maneno yake. Abdulla alimfuata Mauza nyumbani, kofia mkononi.

"Shemeji, twende yaishe."

"Mpishi ana shemeji?"

Walikwenda kwa miguu, jua kali, Abdulla mbele na Mauza nyuma, kukatiza Kariakoo nzima. Mbele ya meza ya Filbert, Abdulla alinong'ona.

"Sema kwa sauti," Mauza alimwambia. "Karani hasikii vizuri."

Filbert, ambaye masikio yake hayana kasoro, alitega sikio.

"Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu! Na Saadiya ni mtoto wa kaka yangu!"

Filbert akaandika pembeni mwa daftari, akagonga muhuri, na siku hiyo Mauza akapewa nakala ya kifo cha mumewe, kwa haki ya mke.

Kadhi aligawa mirathi: thumuni, yaani moja ya nane, kwa mke, nusu kwa binti, salio kwa ndugu. Kwa hiyo kila mwezi Abdulla hana budi kuja dukani kuchukua fungu lake. Nilikuwapo mwezi uliopita, duka limejaa. Alinyoosha mkono. Mauza hakumpa kitu. Alimwonyesha fremu ukutani, ile nakala ya tatu ya kuzaliwa kwa Saadiya.

"Soma kwanza, shemeji."

Abdulla akasoma kwa sauti, mpaka kwenye jina lake, la mtoa habari.