Baiskeli Haizai

Nkwabi alikuwa mtu wa miguu minene na maneno machache, na kwa miaka sita aliishi akiwa mtoto wa baba aliyemkana. Simaanishi kwamba alifukuzwa nyumbani. Mzee Shimba wa Usagara hakuwa mtu wa kelele. Alimkana kwa jina, na kwa Wasukuma hilo linatosha.

Huku kwetu mtu haitwi hivi hivi tu. Ukikutana naye njiani unamwita kwa baba yake, ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani, na hapo mnakuwa mmesalimiana ninyi pamoja na wazee wenu. Nkwabi alikuwa ng'wana Shimba tangu kuzaliwa hadi mwaka wa hamsini na tano. Mwaka huo baba yake alimkabidhi mitamba wawili wawe mwanzo wa mahari. Nkwabi akawaswaga asubuhi hadi mnadani, na jioni akarudi nyumbani akisukuma baiskeli.

Ilikuwa nyeusi, mpya, bomba zake bado zimeviringishwa karatasi za dukani. Mzee Shimba aliizunguka kama anavyomzunguka ng'ombe anayetaka kumnunua. Akaishika keria, kile kibebeo cha nyuma, akaitikisa. Kisha akasema mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani:

"Ng'ombe anazaa. Baiskeli haizai. Aliyeuza uzazi wangu akanunua chuma asiitwe kwa jina langu."

Majirani walilipokea neno hilo kwa furaha, maana kijiji hakikosi watu wa kufurahia la mwenzao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema, wakakaa kulingoja guu livunjike. Guu halikuvunjika. Kijana alihamia Mwanza mjini, akapanga chumba Mabatini, akaanza kubeba samaki. Alfajiri alikuwa mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, anapakia tenga la sato na ningu, analifunga kwenye keria kwa vipande vya mpira wa ndani, kisha anakanyaga kupitia Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Misungwi, ambako watu wana ng'ombe wengi na hamu kubwa ya samaki.

Sasa, njia ya Misungwi inapita Usagara, na pale Usagara inapita mbele ya zizi la Mzee Shimba. Kila safari Nkwabi alishuka kwenye baiskeli, akasema, "Shikamoo, baba." Mzee alijibu, "Marahaba," akiwatazama ng'ombe. Basi, yamekwisha. Kijana aliacha samaki kwa mama yake, na mzee aliwala bila kuuliza wametoka wapi, kwa sababu ulimi hauna kinyongo.

Alioa kwa jasho la samaki haohao. Mkewe, Paskazia, alikuwa mwanamke wa Ukerewe, mcheshi, asiyeona haya kumcheka mtu akiwepo. Lakini siku ya posa mjomba ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Wazee wa upande wa mke walipouliza kijana ni ng'wana nani, mjomba alikohoa, naye Nkwabi akajibu mwenyewe, "Ni Nkwabi tu." Paskazia aliliona jibu lile lilivyomtoka. Tangu siku ile alijua mumewe anataka nini duniani, na alijua kwamba si kitu ambacho yeye angeweza kumpikia.

Habari za mbio zilifika mwezi wa Uhuru, bendera bado mpya na watu bado wanapenda kila kitu. Waendesha baiskeli wa mji walikuwa na baraza lao kwenye kibanda cha Seif, fundi baiskeli wa Mabatini, mtu mzima wa kanzu na kofia, ambaye walimfanya mwenyekiti kwa sababu pampu ilikuwa yake. Huko ndiko karani wa boma alikowakuta. Akawaambia kwamba waendesha baiskeli wa kulipwa, kutoka Ulaya, watatoka Shinyanga, watapita Misungwi na kumaliza mashindano yao Mwanza mjini.

"Wanalipwa kwa kubeba nini?" aliuliza Mayala, mbebaji mwenzake Nkwabi.

"Hawabebi kitu. Wanalipwa kwa kukimbia."

Kila mmoja akalipima jambo hilo kwa mgongo wake.

"Na ninyi," karani akaendelea, "mmechaguliwa kwenda Misungwi kuwapokea."

Hapo ndipo yalipoanzia yote. Kwa karani, kupokea ni kusimama mstari mmoja, kupiga makofi na kurudi nyumbani. Kwa wabeba samaki, kupokea ni kazi. Mwenzako akitoka mbali na mzigo, wewe uliye mtupu unamfuata njiani, unamwambia pole, unauhamishia mzigo wake kwenye keria yako, mnaingia mjini pamoja. Asiyepokea wenzake hana wa kumpokea yeye. Hakuna aliyemwomba karani afafanue, maana hakuna aliyejua kwamba neno lile lina mlango wa pili.

Mayala peke yake ndiye aliyesita. "Lakini karani amesema hawabebi kitu."

"Ndivyo muungwana anavyosema," Seif akamjibu. "Umewahi kumwona mgeni anafika kwako akakutangazia mzigo wake? Mtu atoke Ulaya hana hata shati la kubadili? Acheni kuwaaibisha watu. Safisheni keria."

Wakasafisha. Mabatini nzima ilinuka ndimu siku zile. Matenga yalishushwa, keria zikasuguliwa kwa majivu na ndimu, mipira ya kufungia ikachaguliwa ile isiyo na viraka. Watu waliokuwa wakigombania wateja sasa walikopeshana mafuta ya mnyororo. Nkwabi alisugua mpaka rangi ikaanza kutoka, lakini Paskazia aliinusa keria akatikisa kichwa, akaleta kanga yake, ile nzuri, akaikunja na kuitandika juu yake.

"Mzigo wa mgeni ukinuka ningu, ataikumbuka Mwanza kwa pua," alisema. Kisha akaongeza, bila kucheka, "Utapita kwa baba."

"Nitapita."

Siku yenyewe waliondoka kabla ya jua kuchomoza, mstari mrefu wa baiskeli nyeusi zinazong'aa, kengele zikijibizana. Mawingu mazito yalikuwa yametanda kule mbele, juu ya mbuga. Walipofika Usagara, Mzee Shimba alikuwa akifungua zizi. Nkwabi alishuka, akamwamkia. Mzee akaiangalia keria yenye kanga badala ya tenga, na udadisi ukamshinda.

"Unakwenda wapi bila samaki?"

Lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na baba yake tangu aende mnadani. Nkwabi akajibu, "Kuwapokea wageni, baba. Wazungu wa mbio za baiskeli."

"Wageni wa nani?"

"Wa Mwanza. Wetu sote."

"Na wewe ni nani hata uwapokee wageni?" mzee akasema, akageuka kwa ng'ombe wake.

Nkwabi alipanda baiskeli. Njia nzima alikanyaga akilitafuna swali lile, na kila alivyolitafuna liliongezeka uchungu. Aliapa moyoni kwamba siku hiyo atarudi mbele ya zizi lile na mzigo wa mgeni mgongoni, ili baba yake aone kwa macho kwamba kuna mtu aliyemwamini.

Misungwi ilikuwa imejaa. Wabeba samaki walipangwa mbele kabisa, na wakubwa wakakaa nyuma yao kwenye viti. Mara vumbi likaonekana, kisha rangi, nyekundu, kijani, njano, na migongo iliyoinama mpaka ukadhani wanatafuta sindano barabarani. Seif akatoa ishara. Wote wakaingia njiani mikono mbele, wakisema poleni, karibuni, leteni mizigo.

Wageni walipita kama upepo. Mmoja aliyedhani anasalimiwa aligusa kofia. Wengine hawakuinua hata uso. Wabeba samaki wakabaki katikati ya barabara na mikono mitupu, na hapo Misungwi ikaangua kicheko. Walicheka wa kwenye viti, walicheka wauza karanga, na mwanamke mmoja aliwauliza kama mizigo ni mizito.

"Mmefanya vizuri," karani alisema akijifuta machozi. "Mmewapokea. Rudini nyumbani."

"Tumewapokea nini?" Nkwabi akamjibu. Hakuna aliyewahi kumsikia akimjibu mtu wa boma. "Mgeni hajapokelewa. Mimi siwezi kupita Usagara hivi."

Seif alikuwa amekunja kanzu yake hadi magotini. Alitazama kaskazini, kwenye mbuga, ambako mvua ilikuwa imenyesha baada ya wao kupita na mawingu yalikuwa bado yamelala. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema. "Twendeni."

Wakaondoka kuwafuata, si kwa kushindana, maana nani angeshindana na watu wale. Walikwenda kwa mwendo wao wa samaki, mwendo usioharibu mzigo. Walipoingia mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikiugusa hugeuka ugali, waliwakuta. Wote, wa mbele na wa nyuma. Matope yalikuwa yameziba magurudumu membamba mpaka hayakuzunguka tena, na magari yao ya vifaa yalikuwa yamezama hadi ekseli. Wale mashujaa wa Ulaya walikuwa wakitembea kwa miguu, viatu mkononi, baiskeli zimelala mabegani. Badala ya watu kupanda baiskeli, baiskeli zilikuwa zimewapanda watu.

Seif alisimama akawaangalia kwa muda, na uso wake ukafunguka.

"Niliwaambia wana mizigo," alisema.

Hapakuhitajika lugha. Mayala alimwendea wa kwanza akamwambia pole, akamtua baiskeli begani, akaifunga kwenye keria kwa mipira miwili. Yule Mzungu alitaka kubisha, kisha akaona wenzake wakituliwa mizigo mmoja baada ya mwingine, akanyoosha mgongo, akacheka mpaka akakaa chini. Nkwabi alimkuta kijana mmoja kando ya maji, goti limechanika, gurudumu lake limejikunja kama chapati. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. Nkwabi alichuchumaa mbele yake. Alimwambia pole, na lile pole lilikuwa lake mwenyewe pia. Kisha akamwonyesha keria.

Kijana alipanda, lakini hakujua kukaa kwenye keria, aliteleza huku na huku. Ndipo Nkwabi alipoichukua kanga ya Paskazia, akaizungusha kiunoni mwa mgeni, akaileta mbele, akajifunga nayo tumboni kwa fundo. Baiskeli iliyovunjika akaipokea mwingine.

Hawakurudi barabarani. Pembeni ya mbuga kulikuwa na njia ya ng'ombe, imekanyagwa na kwato miaka na miaka mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Nkwabi aliijua tangu akiwa mchungaji, kabla ya mnada, kabla ya chuma. Aliingia mbele, wenzake wakamfuata, baadhi ya wageni juu ya keria, baadhi wakitembea nyuma wakiimba nyimbo za kwao. Alikanyaga kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku aliponunua baiskeli ile. Njia ya ng'ombe, kama mnavyojua, huishia zizini.

Watu wa Mwanza watakueleza walivyoingia mjini jioni ile. Watakueleza kengele, vigelegele tangu Mkuyuni, wanawake wakitandika kanga barabarani, mkuu wa mbio akipayuka kwamba mashindano yameharibika, kisha akiuona umati na kuvua kofia. Watakueleza namna Paskazia alivyoidai kanga yake mbele ya wakubwa, na namna yule kijana wa Ulaya alivyokataa kuitoa mpaka kwanza amshike mkono mwenye kanga. Hayo yote ni kweli, na Nkwabi hayapingi. Ila yeye mwenyewe akisimulia hafiki mjini. Anaishia Usagara.

Usagara yote ilikuwa imesimama kando ya barabara tangu asubuhi, macho kusini, ikimngoja Mzungu wa kwanza. Barabarani hakutokea mtu. Kengele ikalia nyuma yao, upande wa zizi. Wakageuka, na kati ya ng'ombe wa Mzee Shimba ikachomoza baiskeli nyeusi, mwendeshaji ameinama, jasho linamtiririka, na mgongoni mwake mwanamume mzima amefungwa kwa kanga, shavu limelala, macho yamefumbwa kwa usingizi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu wa pembeni akauliza ni nani yule, na jirani akamjibu kwamba ni Nkwabi wa Baiskeli.

Mzee Shimba alitazama. Alitazama kanga, akatazama fundo tumboni, akamtazama yule aliyelala. Akaegemea fimbo yake.

"Nilisema baiskeli haizai," alisema taratibu. "Imezaa. Tena imezaa Mzungu."

Kicheko kikalipuka, na Nkwabi akakisikia akiwa bado mbali. Akadhani ni kilekile cha Misungwi. Lakini hakuwahi kupita pale bila kumwamkia baba yake, na hata siku hiyo hakuweza. Akapunguza mwendo, maana mgeni alikuwa amefungwa na kushuka haikuwezekana.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuwatazama ng'ombe. Alikuja hadi ukingoni mwa njia, akanyoosha mkono, akaishika keria kama alivyoishika siku ile ya kwanza. Safari hii hakuitikisa. Aliikaza kanga ilipokuwa imelegea.

"Marahaba, ng'wana Shimba," alisema, kwa sauti ya kusikika na Usagara yote. "Nenda polepole. Usimwangushe mtoto."