Mgomba Uliovaa Koti

Tumpe alipoolewa Mufindi akitokea Tukuyu, alibeba machipukizi matatu ya migomba ndani ya kanga kuukuu. Mama mkwe wake, Yusta, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, baridi ya huku hata sisi wenyewe inatukunja. Hizo ndizi zitazaa saa ngapi?"

Hakukosea sana. Mawili yalikufa mapema. La tatu Tumpe alilipanda nyuma ya jiko, ukutani penye joto la moto, akalilisha samadi na majivu. Kila Juni baridi iliunguza majani, na kila masika likachipua upya. Tumpe naye ni mbishi wa kuzaliwa. Alikuwa na hamu ya mbalaga, zile ndizi za kupika za kwao, lakini zaidi alitaka kitu kimoja tu cha kwao kishike mizizi huku ugenini.

Mwaka wa nne mgomba ukatoa mkungu, na baridi hiyo inabisha hodi. Tumpe hakuuliza mtu. Alichukua koti zito la mumewe, Obeid, akauvika mkungu, akafunga vifungo vyote. Obeid akaenda kikao cha wazee wa kanisa na blanketi la watoto mabegani. Majirani wakipita jikoni walikuwa wakiusalimia mgomba, "Kamwene, Obeid!" Yusta ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mkungu ukakomaa, mdogo lakini mzima. Tumpe alitamani kuuinjika siku hiyohiyo, ila malimbuko ni ya Mungu. Jumapili akaupeleka madhabahuni, katikati ya mahindi na viazi.

Baada ya ibada sadaka zikanadiwa nje, kama kawaida. Tumpe alijaribu kuukomboa mkungu wake, lakini mwalimu mmoja wa sekondari akawa anapandisha tu bei. Mkoba wa Tumpe ukaishiwa, akainamisha kichwa machozi yasionekane.

"Naongeza!" ikasikika sauti kutoka upande wa wamama.

Alikuwa Yusta. Mwalimu akapandisha, Yusta akaongeza, mpaka mwalimu akanyoosha mikono. Bibi yule akajitwika mkungu, akauleta hadi miguuni pa Tumpe.

"Haya, nipikie hicho chakula chenu," alisema. "Na chipukizi unigawie, nikapande kwangu. Koti la marehemu baba mkwe wako lipo, nimelitunza muda mrefu bila kazi."