Redio ya Darasa la Nne

Nilianza kufundisha nikiwa na cheti cha darasa la saba tu, kama wengi tulioitwa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mchana nilifundisha, jioni nilisoma vijitabu vya ualimu tulivyoletewa kwa posta. Kimoja kilisema kwamba mtoto hujifunza vizuri akishangaa kwanza. Sentensi hiyo niliipigia mstari kwa rula.

Shule yetu ilikuwa katika kijiji kipya cha ujamaa, mbele kidogo ya Buhongwa, na ilikuwa na redio moja. Mwalimu mkuu aliifungia kabatini, akawa ananipa siku za vipindi vya shule. Mawe yake ya betri yalipochoka tuliyaanika juu ya bati tangu asubuhi, yakapata nguvu ya nusu saa. Kipindi chenyewe hakikuzidi hapo.

Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza kidogo ili watoto wajibu, kisha akasema, "Vizuri sana, watoto!" Wiki ya kwanza darasa langu la nne halikujibu kitu. Waliitazama redio kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Nikawaambia, "Jibuni kwa sauti. Yule bwana anawasikia." Siku hiyo walijibu mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuona kuna nini. Katika andalio la somo niliandika kwamba wanafunzi wameshangaa.

Wiki chache baadaye, msichana mmoja wa dawati la mwisho, binti wa wafugaji waliohamishiwa pale pamoja na ng'ombe wao, alinifuata nje baada ya kipindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Leo nilijibu vibaya makusudi. Akasema vizuri sana."

"Hakukusikia wewe. Aliwasikia wenzako."

Alifikiri. "Kwa hiyo sauti moja haifiki?"

"Haifiki."

"Haya, mwalimu."

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale, tukiwa wawili tu, na asingenidharau. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani mwalimu akikiri jambo moja, mengine yote yatatiliwa shaka.

Alhamisi iliyofuata mkaguzi alitoka mjini bila taarifa. Akiandika vizuri ningethibitishwa kazini. Akiandika vibaya ningerudi kulima pamba ya baba. Aliketi nyuma ya darasa, kofia juu ya goti. Nikawasha redio. Mtangazaji akauliza ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika linaitwaje, akanyamaza.

"Mbuzi!" lilijibu darasa zima kwa pamoja.

"Vizuri sana, watoto! Ni Ziwa Victoria."

Wakaangua kicheko. Mkaguzi naye alicheka. "Mwalimu, ziwa lenu huku lina pembe?"

Nikauliza ni nani aliyewafundisha upuuzi ule. Yule msichana wa dawati la mwisho hakungoja kutajwa. Alisimama mwenyewe, mikono nyuma.

"Ni mimi, mwalimu. Sauti moja haikufika, nikawaomba wote. Nilitaka kujua kama anatusikia."

"Nani alikwambia anasikia?" aliuliza mkaguzi. Hakuwa mkali. Nadhani jambo lile lilimpendeza.

"Mwalimu ndiye alituambia."

Mkaguzi akageuka kunitazama. Watoto wote wakanitazama.

"Sikusema hivyo," nilisema.

Hakuna aliyecheka tena. Nilimchapa fimbo tatu, na nikataja kosa lake kwa sauti: kusema uongo. Alizipokea bila kulia, akarudi dawatini. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu anajitahidi kutumia vifaa. Mwezi uliofuata nilithibitishwa.

Wakati wa kuvuna pamba niliifungua redio kwa bisibisi mbele ya darasa. Nilikuwa nimesoma ya kutosha kuwaeleza jinsi sauti inavyosafiri kutoka Dar es Salaam, na kwamba yetu hairudi huko. Nilisema waziwazi kwamba yule bwana hatusikii. Kwamba nilikuwa nimewadanganya, sikusema. Watoto walisukumana kuona nyaya na sumaku, wakauliza maswali mengi ambayo sikuyaweza. Yule msichana alibaki amekaa.

"Na wewe, una swali?"

"Sina, mwalimu."

Nilimfundisha miaka mitatu mingine. Alikuwa na mwandiko mzuri, hakuchelewa, hakuchapwa tena. Darasa la saba, siku moja ya hesabu, niliandika ubaoni makusudi saba mara nane ni hamsini na nne, nikaiacha hivyo, nikawapa kisogo kama mtu anayetafuta chaki.

"Mwalimu, umekosea!" walipiga kelele. "Hamsini na sita!"

Nilipita kati ya madawati mpaka la mwisho. Alikuwa ameshainakili kwenye daftari lake kama ilivyokuwa ubaoni, akaipigia mstari chini kwa rula, na alikuwa amekaa wima akisubiri niandike nyingine.